Sifa katika Shaba: Uhakiki wa Medali ya Tabibu wa Mfalme

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi hajazoea kupewa kipande cha shaba akaambiwa akisome. Huletewa utenzi, riwaya au tamthilia, naye akaanza kazi yake ya kupambanua fani na maudhui. Hata hivyo, kipo kifaa kimoja cha sanaa ambacho, ijapokuwa hukaa katika makabati ya majumba ya makumbusho, kina jina la anayesifiwa, kina maneno yaliyoteuliwa kwa uangalifu na kina taswira. Kwa ufupi, kina karibu kila kitu ambacho utungo wa sifa huwa nacho, ila kimenyimwa nafasi. Kifaa hicho ni medali ya kumbukumbu.

Madhumuni ya makala haya ni kuisoma medali moja ya namna hiyo, iliyochongwa na Lewis Pingo wa London ili kumkumbuka Richard Mead (1673–1754), tabibu wa Mfalme George wa Pili wa Uingereza. Tutaisoma kama tunavyosoma utungo wo wote wa sifa. Swali letu ni lile ambalo sisi tunaofundisha tungo za sifa hatuna budi kulikabili: utungo unapompa mtu mmoja jina, ni akina nani wanaoachwa bila majina? Dai letu ni kwamba medali hii ni sifa ya kweli kwa mtu aliyestahili kusifiwa, lakini fani yake yenyewe inageuza kazi ya watu wengi, tena kazi ya hatari, ikawa kipaji cha shujaa mmoja. Mhakiki asiyelitambua jambo hilo atakuwa ameziamini herufi za shaba kuliko inavyofaa.

1. Istilahi

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya neno. Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindana hapa, yaani nishani na medali. Nishani ni neno kongwe zaidi pwani, nalo lilikuwa na maana ya alama kabla ya kupewa maana ya pambo la heshima. Katika ufalme wa Zanzibar, kwa mfano, Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alitunuku nishani ya nyota, na aliyetunukiwa aliivaa kifuani mbele ya watu. Kwa hiyo wazo la nishani linaambatana na mwili: nishani ina mwenyewe, na mwenyewe huwa hai anapopewa.

Kifaa tunachokichunguza hapa hakivaliwi. Hakina utepe wala pini. Hushikwa mkononi, kikageuzwa, kikasomwa upande wa kwanza na kisha upande wa pili. Mara nyingi anayesifiwa ameshakufa, na wanaokimiliki ni watu wengine kabisa. Tukikiita nishani tutamfanya msomaji afikiri kwamba Mead alikivaa. Tukikiita sarafu tutamfanya afikiri kwamba kilinunua mkate. Kwa sababu hizo tumechagua neno medali, ingawa ni la kukopa, nasi tunalitumia kwa maana moja tu: kipande cha madini chenye pande mbili, kilichopigwa chapa ili kutunza kumbukumbu ya mtu au tukio, bila ya kuwa fedha wala pambo.

2. Kifaa chenyewe

Medali ya Mead ni ya mviringo na inaenea katika kiganja. Ile tunayoizungumzia ni ya shaba iliyochanganywa na bati, madini ambayo wachongaji wa Ulaya waliyapenda kwa kuwa hupokea chapa vizuri na hayapotezi nakshi zake upesi. Namna ya kuitengeneza ni hii: msanii huchonga mihuri miwili ya chuma, mmoja kwa kila upande, tena huichonga kinyume, ili kilichoingia ndani katika chuma kitokee nje katika shaba. Kipande cha shaba huwekwa kati ya mihuri hiyo kikabanwa kwa nguvu. Mihuri ikiwa mizima, nakala nyingi zaweza kupigwa, zote zikafanana. Hapo medali inaachana na mchoro wa rangi na kukaribia kitabu, kwa sababu imeundwa ili isambazwe.

Upande wa mbele una sura ya Mead iliyotazama pembeni, na kuizunguka kuna maandishi ya Kilatini yanayotaja jina lake na vyeo viwili kwa vifupisho: MED. REG., yaani tabibu wa mfalme, na S.R.S., yaani mwanachama wa ile jumuiya ya wanasayansi ya London iliyokuwa chini ya ulinzi wa mfalme. Upande wa nyuma una Hercules, shujaa wa ngano za Kigiriki, akiwa bado mtoto mchanga, naye anawakaba nyoka. Maandishi ya upande huo yanasema kwamba kuwashinda nyoka ni kazi. Chini yake kuna tarehe mbili, ya kuzaliwa kwa Mead, Agosti 11, 1673, na ya kufa kwake, Februari 16, 1754.

Tarehe hiyo ya pili inatuambia jambo juu ya fani. Lewis Pingo alizaliwa mwaka 1743. Mead alipofariki, Pingo alikuwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 12. Kwa hiyo sura tunayoiona haikuchongwa mbele ya mtu aliye hai. Ni sura iliyotokana na sura nyingine, kama vile mtunzi anavyotunga utenzi wa shujaa aliyemjua kwa masimulizi tu. Pingo, ambaye tangu 1779 alikuwa mchongaji mkuu wa kiwanda cha kupigia sarafu za kifalme, alikuwa akichonga sifa iliyokwisha kukubaliwa na wakubwa wa mji wake. Hakuwa akitoa ushahidi.

3. Tabibu “wa” mfalme

Na tuanze na upande wa mbele, hasa yale maneno mawili yaliyokatwa, MED. REG. Neno la kwanza halina shida: ni medicus, tabibu. La pili laweza kujazwa kwa njia mbili. Linaweza kuwa regis, nomino katika hali ya umilikaji, na maana yake ikawa tabibu wa mfalme. Linaweza pia kuwa regius, kivumishi, na maana yake ikawa tabibu wa kifalme. Kifupisho kimeziacha njia zote mbili wazi, na mchongaji hakulazimika kuchagua.

Msomaji wa Kiswahili atalielewa jambo hili mara moja, kwa sababu lugha yake ina kiungo kidogo kinachofanya kazi hiyo hiyo ya kuficha. Ile -a ya uhusiano inaunganisha majina mawili bila ya kutueleza ni uhusiano gani. Twasema rafiki wa mfalme, mtumwa wa mfalme, adui wa mfalme na farasi wa mfalme. Sarufi ni moja, lakini katika mfano wa kwanza kuna upendo, katika wa pili kuna utumwa, katika wa tatu kuna vita, na katika wa nne kuna mali. Je, tabibu wa mfalme ni kama rafiki, au ni kama farasi? Je, anamiliki heshima iliyotoka kwa mfalme, au mfalme ndiye anayemmiliki yeye pamoja na elimu yake?

Mtu aweza kudhani kwamba swali hili tumelizua sisi wenyewe kwa kupenda mabishano. Sivyo. Ndilo swali ambalo Mead mwenyewe alilipigania hadharani miaka 30 kabla ya kifo chake, na silaha aliyoichagua ilikuwa sarafu.

4. Ugomvi juu ya utumwa

Mead alikuwa mtoto wa mhubiri wa Stepney, na baba yake alikuwa katika kundi la Waprotestanti waliokataa kulifuata kanisa la serikali. Alisoma Utrecht na Leiden nchini Uholanzi, akapata shahada yake ya udaktari Padua mwaka 1695. Mwaka 1703 aliingia katika hospitali ya St Thomas na pia katika jumuiya ya wanasayansi tuliyoitaja. Mwaka 1727 aliteuliwa kuwa tabibu wa George wa Pili. Kati ya miaka hiyo alikuwa tajiri, akakusanya vitabu, sanamu, sarafu na medali kwa wingi, hata mauzo ya maktaba na hazina zake baada ya kifo chake yakaendelea hadi 1755.

Mwaka 1723 alipewa heshima ya kutoa hotuba ya kila mwaka mbele ya matabibu wenzake wa London, hotuba ya kumkumbuka Harvey, aliyethibitisha mzunguko wa damu. Mead aliitumia nafasi hiyo kudai kwamba matabibu walikuwa watu wa heshima kubwa zamani za Wayunani na Warumi. Hotuba ilipochapishwa mwaka 1724, aliiambatisha na risala juu ya sarafu za mji wa Smyrna, akishikilia kwamba majina fulani yaliyoandikwa katika sarafu hizo ni majina ya matabibu, na kwamba mji ulizipiga ili kuwaheshimu. Mwaka 1726 Conyers Middleton, mwanachuoni wa Cambridge, alimjibu kwa Kilatini vile vile. Alisema kwamba matabibu waliofanya kazi Roma ya kale, kwa sehemu kubwa, walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Majibu na majibu ya majibu yakafuata.

Inafaa tuone uzito wa ugomvi huu. Watu waliobishana hawakuwa wakitafuta ukweli wa historia peke yake. Tabibu wa London aliingia katika vyumba vya watu wakubwa akalipwa kwa kuishika mikono yao na kuutazama mkojo wao. Je, huyo ni bwana au ni mtumishi? Middleton, kwa kuitaja Roma, aligusa donda la London. Naye Mead, kwa kuitaja Smyrna, alitaka kulifunika kwa shaba.

Wajuzi wa sarafu waliokuja baadaye hawakukubaliana na Mead. Majina yale ya Smyrna waliyaona kuwa ni ya maofisa wa mji waliokuwa na dhamana ya sarafu. Mead alikuwa ameona sifa mahali palipokuwa na utawala tu. Tusimcheke upesi. Wahenga walisema mganga hajigangi, na msemo huo unamhusu mhakiki sawasawa na unavyomhusu tabibu. Mead alikuwa msomaji hodari wa madini, lakini alisoma yale aliyokuwa na haja nayo. Nasi tunaposoma tungo za sifa za watawala wetu wa zamani, mara ngapi tumeona heshima ya taifa zima mahali ambapo mtunzi alikuwa akitaja tu ni nani aliyekuwa na mamlaka siku ile?

Sasa twaweza kuona kwa nini medali ya Pingo si pambo tu. Inakamilisha hoja ya yule anayesifiwa. Mead alidai kwamba miji huru huwapigia matabibu sarafu. Wenyeji wa mji wake, baada ya kufa kwake, wakampigia yeye kitu kinachofanana sana na sarafu. Ikiwa Smyrna haikuwa imetoa ushahidi aliotaka, London ilimtolea. Hata hivyo, ushahidi wenyewe unabeba lile REG. lililokatwa. Cheo cha kwanza kinachofuata jina lake si elimu yake bali ni mfalme wake. Middleton, lau angaliishi kuiona medali hii, angalitabasamu.

5. Mtoto na nyoka

Tugeuze medali. Upande wa nyuma umejengwa juu ya nyoka, na uchaguzi huo una sababu nzuri. Kitabu kilichompa Mead jina, alichokichapisha mwaka 1702, kilihusu sumu, na kilianza na sumu ya nyoka wa jamii ya moma. Mead aliwapasua nyoka hao, akaichunguza sumu yao kwa darubini, na pamoja na wenzake akaionja kwa ulimi. Alishikilia kwamba sumu ikimezwa haileti madhara yale inayoyaleta ikiingia katika damu. Katika toleo alilolipanua la mwaka 1745, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alibadili baadhi ya maelezo yake ya awali juu ya namna sumu inavyofanya kazi mwilini.

Hapa ndipo taswira na maneno ya medali yanapopingana, na mgongano huo, kwa maoni yetu, ndio kiini cha kifaa hiki. Maandishi yanasema kazi. Neno la Kilatini lililotumiwa, labor, lina jasho ndani yake. Ni kazi inayochosha na kuumiza. Wasomi wa wakati ule walilikumbuka pia kuwa jina la zile kazi 12 alizotwishwa Hercules ukubwani. Lakini kuwakaba nyoka hakumo katika zile 12. Kulitokea kabla yake, katika uchanga, na katika ngano kunasimuliwa kama ishara ya damu ya kimungu. Mtoto hakujifunza kukaba nyoka. Hakukosea kwanza akasahihisha. Alizaliwa anaweza.

Kwa hiyo jicho linaambiwa jambo moja na sikio jambo jingine. Maneno yanamsifu mtu aliyefanya kazi. Picha inamsifu mtu aliyezaliwa shujaa. Mead aliyeonja sumu na, baada ya miaka zaidi ya 40, akaandika upya aliyokuwa ameyaandika, yumo katika maneno lakini hayumo katika picha. Na picha ndiyo inayobaki akilini mwa mtu asiyejua Kilatini.

Ulinganisho mmoja wa kwetu utatusaidia. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zisizo na sura ya mtu wala mnyama. Upande mmoja uliandikwa jina la sultani na la baba yake, na upande wa pili yakaandikwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyoteuliwa ili mwisho wake uwe na kina kimoja na jina la sultani. Wanafunzi wa ushairi wanapaswa kuonyeshwa sarafu hizi, maana ni mshororo wenye vipande viwili uliogawanywa katika pande mbili za shaba, na hauwezi kusomwa mpaka sarafu igeuzwe. Katika mpango huo, jina la mtawala halijitoshelezi. Sentensi yake inaishia, au inaanzia, kwa mwingine aliye mkubwa kuliko yeye.

Hatusemi kwamba sarafu ya Kilwa ni nyenyekevu. Kina kinaliunganisha jina la sultani na utajo wa Mungu kwa nguvu kiasi kwamba mtawala anapata utakatifu wa bure, na mfanyabiashara aliyeitumia sokoni hakuulizwa maoni yake. Tunalosema ni kwamba fani zinatofautiana katika matumizi ya upande wa pili. Kilwa unaliegemeza jina juu ya kitu kilicho nje ya mwenye jina. Katika medali ya Mead unarudi kwa Mead mwenyewe, sasa akiwa amevikwa mwili wa shujaa. Ukiigeuza unamkuta yule yule.

6. Wasiochongwa

Basi ni nani angaliweza kuwekwa katika upande ule wa pili? Jibu limo katika kitabu cha Mead mwenyewe juu ya ndui na surua, alichokichapisha kwa Kilatini mwaka 1747.

Mwaka 1721 ndui ilikuwa imeenea London. Habari zilikuwa zimefika kwamba huko Istanbul wako wanawake wazee wanaowachanja watoto kwa usaha wa ndui yenyewe, ili waugue kidogo wasije wakaugua sana. Kabla ya kuwachanja watoto wa jamaa ya kifalme, iliamriwa wafungwa waliohukumiwa kufa katika gereza la Newgate wajaribiwe kwanza, nao waliahidiwa kuachwa huru wakipona. Mead aliomba ruhusa ya kujaribu njia ya Wachina kwa mmoja wao. Alichaguliwa msichana wa miaka 18. Mead alimtia puani utambi uliochovywa katika usaha wa vipele vilivyoiva. Kwa maelezo ya Mead mwenyewe, msichana yule alishikwa na maumivu makali ya kichwa na homa mpaka ndui ilipotokeza, kisha akapona. Katika simulizi hiyo anatambulishwa kwa umri wake.

Huyu ndiye aliyeshindana na nyoka. Mead alikuwa na ujasiri wa kuonja sumu, na hilo tumelikiri. Ndui hakuionja yeye. Aliionja mtu ambaye mwili wake ulikuwa wa mfalme kwa maana iliyo wazi kuliko ile ya cheo cha Mead: mfalme angaliweza kumnyonga. Ile -a ya uhusiano, iliyokuwa na utata katika jina la tabibu, haikuwa na utata wo wote kwa mfungwa wa mfalme.

Kuna na mwingine, wa mbali zaidi. Mwaka 1716 mhubiri Cotton Mather wa Boston alimwandikia John Woodward wa London, tabibu ambaye muda si mrefu baadaye aligombana na Mead hadharani juu ya namna ya kutibu ndui. Mather alisema kwamba Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, akiitwa Onesimus, alimweleza kuwa kwao Afrika alichanjwa ndui, akamwonyesha kovu mkononi mwake. Elimu aliyoitoa ilitumika Boston mwaka ule ule wa 1721. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo matabibu wa Uingereza waligombana kama tabibu aweza kuwa mtumwa, mtumwa mmoja alikuwa amekwisha kuwafundisha tiba. Hakuna aliyemtia katika hoja, si upande wa Mead wala upande wa Middleton. Hata jina lenyewe la Onesimus lilitolewa na bwana wake. Ushahidi aliokuwa nao ni kovu, na wahenga wametuonya: mwenye kovu usidhani kapoa.

Haki inatudai tuseme jambo moja kwa upande wa Mead. Katika kitabu kile cha 1747 aliambatisha tafsiri ya Kilatini ya risala ya al-Razi, tabibu mkubwa aliyeandika kwa Kiarabu zaidi ya miaka 800 kabla yake juu ya maradhi hayo hayo. Hakuificha asili ya elimu hiyo, bali aliichapisha pamoja na yake chini ya jina la mwenyewe. Katika kitabu, basi, kulikuwa na nafasi ya al-Razi, ya Wachina, na hata ya msichana wa Newgate, ingawa bila jina. Medali ndiyo iliyowafuta wote. Kosa haliko kwa Mead peke yake, wala haliko kwa Pingo peke yake. Liko katika fani inayodai sura moja, jina moja na shujaa mmoja, kisha ikajivunia kwamba imesema kweli kwa ufupi.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba medali ya Mead ni utungo wa sifa wenye tabaka tatu. Kwa nje ni heshima kwa tabibu hodari. Ndani yake ni jibu kwa ugomvi juu ya hadhi ya tabibu, jibu ambalo kifupisho kimoja kinalitia shaka. Na ndani zaidi ni ukimya juu ya miili iliyoipatia elimu yake thamani. Ukimya huo hauonekani kwa kuitazama shaba peke yake. Unaonekana tunapoiweka kando ya maandishi ya mtu yule yule.

Hilo lina maana kwa ufundishaji wetu. Kwa muda mrefu uhakiki wa tungo za sifa katika vyuo vyetu umezunguka mambo mawili: ufundi wa lugha na uhalali wa anayesifiwa. Tunauliza kama mtunzi ni fundi na kama shujaa alistahili. Mfano wa Mead unaonyesha kwamba mtu aweza kujibu ndiyo kwa maswali yote mawili na bado asiwe ameusoma utungo. Swali la tatu ni la lazima: kazi inayosifiwa ilifanywa kwa mwili wa nani? Swali hilo lihusu medali za Ulaya, na lihusu vile vile tungo za sifa za masultani, za majemadari na za viongozi ambazo tunazifundisha kwa fahari.

Ndui yenyewe imekwisha. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida aliugua Oktoba 1977 huko Merka, katika pwani ya Banadir nchini Somalia, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Mtu huyo hakuwa tabibu wa mfalme. Alikuwa mpishi wa hospitali, aliitwa Ali Maow Maalin, na baadaye alifanya kazi ya kuwahimiza watu wa nchi yake wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Jina lake linatajwa katika taarifa za kutokomezwa kwa ndui, kando ya majina ya madaktari. Miaka 256 ilipita kati ya utambi wa Newgate na homa ya Merka kabla ya mgonjwa kuandikwa hivyo. Mwanafunzi atakayepewa medali ya Mead aisome, apewe na habari ya mpishi huyu, kisha aulizwe ni upande upi wa shaba uliokuwa na nafasi yake.